"Na ya kutoa": barua ya wazi kutoka dirisha la wakala, Kondele

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Waziri wa Fedha, na wabunge wa Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Kuna maneno matatu ambayo mkikaa nyuma ya dirisha langu kutwa moja mtayasikia kuliko salamu: na ya kutoa, yaani ongeza na ada ya kuzitoa pesa kwenye simu ziwe noti. Mama anampigia mwanawe aliye Nairobi, "Tuma mia tano na ya kutoa." Mwenye mkokoteni anamwambia mwenye duka, "Weka mia mbili na ya kutoa." Fundi, kinyozi, mwalimu wa masomo ya jioni, wote wimbo ni huo. Nimewahi kumsikia mjumbe wa mahari akisisitiza kwenye simu kwamba ng'ombe wa sita, yule aliyegeuzwa kuwa pesa, atumwe na ya kutoa. Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi langu wakimsubiri, na hakuna aliyecheka.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Kondele, Kisumu. Kibanda changu ni cha mabati, na nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Kuna dirisha la wavu, meza, simu mbili za kabambe, zile za vitufe, kitabu cha kuandikisha wateja, na droo ambayo sitawaambia ufunguo wake nauweka wapi. Ukutani, usawa wa macho ya mteja, ipo karatasi ya bei. Jina la kampuni nitaliacha. Niseme pia mapema, kabla mtu hajanisemea, kwamba hiyo ada ninayokuja kuilalamikia ndiyo inayonilisha. Mteja akitoa pesa, napata kamisheni, sehemu ndogo ya alichokatwa. Kwa hiyo anayewaandikia ni mtu anayekula kwenye sahani anayoinyooshea kidole.

Wiki iliyopita alikuja nyanya mmoja wa Manyatta, mteja wangu wa miaka. Mjukuu alikuwa amemtumia shilingi 200. Akapitisha simu chini ya wavu, akanitajia namba yake ya siri kwa sauti, watu wanne wakiwa wamesimama nyuma yake. Nikamwambia, "Dani," ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo, "hiyo namba usimwambie mtu, hata mimi." Akanijibu, "Nyathina," yaani mwanangu, "nani ataiba mia mbili?"

Nikamrudishia simu aandike mwenyewe, nikimwelekeza kitufe kwa kitufe. Akaandika 200. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. Nikamweleza kwamba ili utoe 200 lazima uwe na 229, kwa sababu kutoa ni 29. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kufungua mlango wa nyumba yake kuna kiingilio. Mwishowe alitoa 170. Nikamhesabia noti ya 100, noti ya 50 na sarafu moja ya 20, ile ya ndovu. Shilingi 1 ikabaki kwenye simu, na nadhani iko huko mpaka leo.

"Na hiyo ishirini na tisa imeenda wapi?" aliniuliza. Barua hii ni yangu kulipitisha swali lake kwenu, kwa sababu mimi jibu nililompa halikumtosha.

Waheshimiwa, itazameni ile karatasi ya bei pamoja nami. Kutoa kuanzia shilingi 50 hadi 100 ni 11. Kuanzia 101 hadi 2,500 ni 29, bei moja, haipandi wala haishuki. Halafu inapanda kidogo kidogo mpaka mwisho kabisa wa karatasi, ambako anayetoa kuanzia 50,001 hadi 250,000 analipa 309. Sasa pigeni hesabu kama tunavyopiga hapa kwa kikokotoo cha simu. Anayetoa 150 anaacha karibu shilingi 20 katika kila 100. Anayetoa 2,500 anaacha shilingi 1 na senti kadhaa katika kila 100. Bwana mkubwa wa 250,000 anaacha senti 12. (Mimi binafsi sina droo ya kumtolea mtu 250,000, lakini bei yake naijua maana naisoma kila siku nikisubiri wateja.)

Kwa hiyo kadiri pesa yako ilivyo ndogo ndivyo inavyoliwa zaidi, na mnyonge kabisa kwenye karatasi ile ni mwenye mia na kidogo. Huyo ndiye mteja wangu wa kila siku. Kondele si mahali pa watu wa kutoa elfu hamsini. Ni mahali pa watu wa kutoa mia mbili ya unga na mafuta ya taa, tena saa moja usiku.

Kuna jambo lingine kwenye karatasi ile ambalo mteja wa kawaida halioni. Ukitoa 100 mara mbili unalipa 11 na 11, yaani 22. Ukitoa 200 kwa mara moja unalipa 29. Yule nyanya angetoa kwanza 100 kwa ada ya 11, angebaki na 89, akatoa 78 kwa 11 nyingine, na angeondoka na 178 badala ya 170, simu ikiwa tupu kabisa. Shilingi 8 zaidi. Kwa nini sikumwonyesha? Kwa sababu sisi mawakala tumeonywa tusigawanye muamala mmoja vipande vipande, ni kosa la kukatwa kamisheni. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi huduma anayonunua. Mimi nilikuwa na habari hiyo, mteja alikuwa mbele yangu, nikanyamaza. Nimeliweka hilo hapa kwa sababu nililala nalo vibaya.

Vijana wa mjengo wao hawahitaji kuambiwa. Jumamosi jioni wanakuja watano watano, vumbi la saruji hadi kwenye kope. Zamani msimamizi alimtumia kila mmoja 500 zake, na kila mmoja alilipa 29 kuzipata. Wakaerevuka. Wakamwomba msimamizi amtumie mmoja wao zote 2,500, yule atoe mara moja, 29 igawanywe kwa watu watano, haifiki hata shilingi 6 kwa kichwa. Akili safi. Hakuna waziri aliyewafundisha.

Sasa, Jumamosi moja wakamchagua kijana ambaye hakuwaambia kwamba alikuwa na deni la papo hapo kwenye laini yake, ule mkopo unaokubeba salio likiisha. Ujumbe wa 2,500 ukaingia, na kabla hajaifunga simu ukaingia wa pili: deni limelipwa. Zilizobaki hazikufika 1,400. Nilimwona yule kijana akisoma skrini, midomo inatembea bila sauti. Mwenzake akampokonya simu, akasoma, akaipitisha kwa wa tatu. Wa nne alikuwa ameshamshika shati. Nilifunga dirisha, nikatoka nje, nikasimama katikati yao, mimi mwenye kilo 58. Mwisho wake niliwakopesha kutoka droo yangu, kijana akaacha kitambulisho chake kwangu wiki mbili. Alilipa. Lakini ukifuatilia uzi wa kisa hicho kutoka mwanzo utaona kwamba watu wanne karibu wamvunje mwenzao meno kwa sababu walikuwa wanaikimbia shilingi 29.

Najua jibu ambalo huwa linatoka ofisini. Mnasema, mbona mnatoa? Acheni pesa kwenye simu, mlipane kwa simu, dunia imehama. Ni jibu zuri kwa mtu anayenunua kwenye duka lenye kiyoyozi. Twendeni Kibuye Jumapili, siku ambayo soko limemwagika hadi barabarani. Mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, ana gorogoro lake, mkebe wa kupimia, ana beseni, na ana kipande cha boksi kilichoandikwa namba ya simu kwa kalamu nene. Mteja analipa gorogoro kwa simu. Vizuri. Lakini huyo mama alfajiri alimlipa mwenye mkokoteni kwa sarafu. Choo cha soko ni sarafu. Chai na chapati ni sarafu. Mtoto aliyemlindia beseni akienda chooni amepewa sarafu ya 10, yenye simba, na huwezi kumtumia mtoto wa miaka tisa pesa kwa simu. Jirani yake anayeuza nyanya za kupikia hana chenji, anamwomba yeye. Jioni anaporudi kwangu na pesa zote zikiwa ndani ya simu, kesho yake nzima inahitaji noti, na mlango wa kutokea una bei.



Kisha mteja mwenyewe anageuka kuwa mlipaji wa mlango huo. Mama wa omena, akiona mkono wako unaenda kwenye simu, anakwambia bei ya gorogoro na ya kutoa. Ukilipa noti, bei ya kawaida. Basi kuna bei mbili za kitu kimoja sokoni, na tofauti yake haijaandikwa popote. Nimemwona mwalimu mmoja, mtu mwenye tai, akibishana na muuza mboga kuhusu 29 kwa sukuma ya shilingi 40. Wote wawili walikuwa na haki. Mwishowe alimtumia 50 akamwambia kumi iliyozidi ni ya amani.

Haikuwa hivi mwanzoni, au labda tulikuwa hatuoni. M-Pesa, huduma ya pesa za simu, ilipoanza Machi 2007, neno lililobeba tangazo lake lilikuwa kutuma pesa nyumbani, na kwetu hilo halikuhitaji ufafanuzi. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Nairobi. Pesa ya karo aliitia kwenye bahasha, bahasha ikatiwa ndani ya gazeti, gazeti akapewa makanga wa basi la usiku. Mimi nilitumwa stendi saa kumi na moja alfajiri kulisubiri. Makanga alinipa bahasha nikamwachia hamsini ya chai, na kuna siku basi lilifika lakini makanga hakufika. Januari 2008, mji ulipofungwa kwa fujo za baada ya uchaguzi na maduka yakafungwa, waliopata kitu kwa ndugu wa mbali walikipata kwa simu. Simbezi mtambo huu. Nimejenga nyumba kwa mtambo huu, ya vyumba viwili, lakini ni nyumba.

Nachosema ni kwamba makanga alichukua hamsini kwa bahasha ya elfu sita. Kwa bahasha ya mia mbili angeona aibu kuchukua ishirini na tisa.

Na msiniambie haiwezekani kubadilika, maana mlishabadilisha. Tarehe 16 Machi 2020, korona ilipobisha hodi, Benki Kuu ilikubaliana na kampuni kwamba kutuma pesa hadi shilingi 1,000 kusiwe na ada yoyote. Ilidumu hadi mwisho wa Desemba mwaka ule. Kutoa hakukuguswa, lakini hata kutuma peke yake kulivyoachwa huru niliona kwa macho: watu walianza kutumiana vipesa vya ajabu, 60 ya mkate, 85 ya nauli, pesa ambazo awali zilisubiri hadi mtu aonane na mtu. Ada iliporudi, kipande kilibaki: kutuma hadi 100 bado ni bure. Ndiyo maana hadi leo mtu mwenye kutaka kumtumia mwenzake 300 anatuma 100 mara tatu, jumbe tatu zikifuatana kama kuku. Serikali yenye watu wanaohesabu hivi haina haja ya kuwafundisha wananchi kuhusu fedha.

Sasa kwako Waziri, na kwenu wabunge. Wateja wengi wanaamini kwamba serikali inakata kodi kwenye pesa yenyewe, na mimi hujitahidi kuwasahihisha. Ushuru wa bidhaa unatozwa kwenye ada. Ulikuwa asilimia 10 mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, ukawa 15 mwaka 2023. Mwaka 2024 mlitaka ufike 20, na muswada ule mnajua ulivyoishia, vijana wakiwa barabarani Nairobi, hapa Kisumu na kwingineko, hadi ukaondolewa mwezi Juni. Sirudii hayo. Narudi kwenye 29 ya nyanya. Ndani yake, kwa asilimia 15, shilingi 3 na senti 78 ni zenu. Alipotoa 170 za dawa ya kikohozi na unga, Hazina ya Kitaifa ilikuwa kwenye foleni mbele yake. Ninyi ni watu wazima, mna ofisi, mna bajeti ya matrilioni. Hamkuikosa hiyo 3.78. Yeye aliikosa.

Ninachoomba si kirefu.

Benki Kuu, mnayo Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Kitaifa ya 2011, na ni ninyi mnaosimamia kampuni hizi. Livunjeni lile daraja la 101 hadi 2,500. Lilikuwa limewekwa na mtu ambaye hajawahi kutoa mia na hamsini. Mtu akitoa 500 kwenda chini, asilipe kitu, kama ambavyo hatozwi kutuma 100. Kutoka hapo ipande polepole, kama ngazi ya kawaida ambayo binadamu anaweza kuipanda. Pengo lijazwe na waliomo mwisho wa karatasi. Anayelipa 309 kwa robo milioni hataanguka akilipa 350.

Waziri na wabunge, muswada wa fedha ujao ukija, iandikeni sentensi moja kwamba ada ya muamala usiozidi shilingi 1,000 haina ushuru. Sentensi moja tu. Nimeona miswada hiyo ilivyo minene, haitazidiwa.

Na hapa kisu kinagusa mfupa wangu. Kutoa 500 kukiwa bure, mimi nitalipwa na nani? Msije mkamfurahisha nyanya kwa kuninyima mimi. Pesa taslimu haifiki Kondele kwa miguu yake. Naifuata benki mjini, naibeba kwenye mfuko wa mkate ili isionekane, nalipa boda boda, na siku ambayo wateja wote wanataka kutoa nakaukiwa saa nne asubuhi, na siku ambayo wote wanataka kuweka nakaukiwa floti, yaani salio langu la kwenye simu. Jirani yangu wa hatua mia kutoka hapa alivamiwa jioni akifunga. Kamisheni ya wakala kwa miamala midogo ilipwe na kampuni kutoka faida yake, na liandikwe kwenye agizo lenyewe, maana tusipoandikiwa tutakuwa wa kwanza kukatwa. Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ilipoagiza kampuni kubwa isiwafunge mawakala wake kwa mtandao mmoja, agizo lilitosha. Ndiyo maana leo nina simu mbili mezani na si moja. Kwa hiyo maagizo yanafanya kazi, mkiyatoa.

Kabla sijafunga barua, kuna ombi dogo la kando. Mteja akiandika kiasi cha kutoa, simu imwonyeshe ada kabla ya kuingiza namba ya siri, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu wa miaka sabini anaziona bila miwani. Siyo baada.

Yule nyanya amerudi leo asubuhi. Mjukuu amemtumia 229 safi, ameshajifunza. Nyanya ameweka simu mezani, akaandika 200 mwenyewe bila kuelekezwa, akafunika kitufe kwa kiganja alipofika kwenye namba ya siri, akanitazama kwa ushindi. Nikampa noti mbili za 100. Akaikagua karatasi ya bei ukutani, ambayo jua limeifubaza upande mmoja, akaniuliza kama ni ya zamani. Nikamwambia hapana, Dani, ndiyo inayotumika. Mkiibadilisha nileteeni mpya, nitaibandika siku hiyo hiyo.

Wenu,
Wakala, Kondele
Kisumu